Mama wa Polikarp Ana Miaka Mitano

Jumanne hiyo Edith alitoka kwake Katandala, mjini, saa mbili asubuhi, akapanda bodaboda hadi ofisi ya ustawi wa jamii. Kibaridi cha Juni, jua jeupe, wanawake wanapanga nyanya mbele ya maduka. Siku ya kawaida kabisa. Alikuwa anakwenda kumdai mwanawe.

Tangu Edith na mumewe watengane, binti yao Cornelia, wa miaka mitano, alikuwa kijijini Kasense kwa baba yake, Polikarp. Mtoto alirithi jina la marehemu bibi yake, mama wa Polikarp, na kwa desturi baba alimwita "Mama". Hapo hapana ubaya. Wangapi wanawaita wajukuu zao "baba"? Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka Polikarp alipovuka mpaka. Alianza kumwomba mtoto ruhusa ya kwenda shamba. Akamlaza kitanda cha marehemu. Akamnunulia ugoro. Mwisho akamtoa chekechea: mtu mzima, alisema, hafundishwi a-e-i-o-u.

"Anaheshimu jina," ndugu walimjibu Edith.

Heshima! Mwanamke akiongea peke yake sokoni, kichaa. Mwanamume akimpigia magoti binti yake, mila.

Ofisini Polikarp alishafika, amenyoa, shati jeupe, Cornelia mkononi. Pembeni alikaa Mzee Fabiani, baba mdogo wa Polikarp.

"Kwa hiyo unadai mwenzio karogwa?" aliuliza Ngeleja, ofisa wa ustawi.

"Sijasema karogwa. Nasema anaumwa. Apimwe akili hospitali, na mtoto akae kwangu."

Fabiani akacheka. "Huyo mkwe wetu akienda mjini tu, kijiji kizima wagonjwa!"

"Baba mdogo, shikamoo nimeshakupa. Usinidai na matusi."

Ngeleja akamgeukia Polikarp. "Huyu ni nani yako?"

"Binti yangu, Cornelia."

Sauti tulivu. Mtu timamu. Edith akaiona kesi ikimponyoka.

Cornelia alikuwa amepanda kiti, anachezea kidau cha wino wa muhuri. Alichovya dole gumba, akaligandamiza kwenye fomu, palipoandikwa "maoni ya mtoto".

"Haya, na yeye katia sahihi," Ngeleja alitabasamu.

Kisha tabasamu likafa.

Alama ilikuwa pana. Pana kuliko dole la Ngeleja mwenyewe. Katikati, kovu limeikata mshazari.

Edith aliudaka mkono wa mtoto. Kidole kidogo. Laini. Hakina kovu. Wino bado mbichi.

Polikarp aliinamia fomu. "Marehemu alijikata kwa mundu," alinong'ona. "Akivuna ulezi. Mwaka niliozaliwa mimi."

Fabiani akavua kofia.

"Hata kama ni kweli," Edith alisema. "Hasa kama ni kweli! Huyu ni mtoto. Nipeni mtoto wangu."

Ngeleja aliifunga faili kwa ncha za vidole, kama anayefunika chungu cha moto. Serikali nzima, na mihuri yake, ikaogopa karatasi.

"Mambo ya ukoo mkayamalize nyumbani. Mtoto abaki alipo."

Abaki alipo! Hakuandika hata tarehe.

Edith alipiga magoti kumkumbatia. Cornelia alikuwa na mkono mmoja tu huru; mwingine baba alishaushika. Kwa huo ulio huru, wenye wino, akamkamata mama yake kifundo cha mkono, akamnong'oneza sikioni:

"Mama, usiniache naye."

Edith alimtazama Polikarp kwa chuki. Mtoto akatikisa kichwa.

"Siyo baba."

"Tangulia, Mama," Polikarp alisema mlangoni, kwa adabu. Cornelia akatangulia.

Edith alibaki peke yake kwenye ukumbi wa ofisi. Aliinua mkono afute machozi, akauona wino kwenye kifundo.

Alama mbili, zimepangana. Moja ndogo, ya kidole cha mtoto.

Ya pili ilikuwa pana, ina kovu. Na yenyewe ilikuwa imeminya mpaka ngozi ikachubuka.