Maji Ndani ya Barafu

Kila asubuhi Safina alitoa sufuria la barafu kwenye friji na kulipindua juu ya meza. Pembeni barafu ilikuwa angavu kama kioo. Katikati ilikuwa nyeupe. Akina mama wa mtaa wake, kule Ujiji, waliiita sehemu ile nyeupe moyo wa barafu. Walisema uchafu wote wa maji hukimbilia pale.

Safina alichukua msumari na jiwe. Aliupasua ule moyo na kuutupa uani. Kuku wakaukimbilia. Kisha aliinua kipande angavu mbele ya jua, akachungulia.

"Unaniona?" alimwuliza mumewe, Gharib.

"Nakuona mpaka meno. Moja limeoza."

"Limeoza kwa kutafuna maneno yako. Basi barafu ni safi."

"Maji niliyachota ziwani," Gharib alisema. "Bomba limekauka tena."

"Haidhuru. Baridi ya friji inaua kila kitu. Hata wewe nikikutia humo, huamki."

Gharib alicheka. Huo ulikuwa mwaka 1996, na kicheko kilikuwa kimepungua Ujiji. Ng'ambo ya ziwa, kule Kongo, kulikuwa na vita. Kila siku mitumbwi ilishusha watu ufukweni. Walishuka na magodoro, masufuria na watoto. Wengine walishuka bila kitu. Kipindupindu kilikuwa kimeanza, na magari ya afya yalipita yakitangaza: "Chemsheni maji ya kunywa!"

Safina alikuwa amempokea mama mmoja kutoka Uvira, jina lake Agnesi. Agnesi alilala barazani na watoto wake wawili, Honorata na mdogo wake Pastory, akisubiri lori la kuwapeleka kambini. Maji ya watoto wake aliyachemsha mwenyewe kwa kuni za kuokota.

Pastory alikuwa na homa tangu mtumbwini. Midomo yake ilikauka.

"Mama Shadya," Agnesi alimwita Safina kwa jina la binti yake aliyeolewa Mwandiga, "mutoto anawaka moto."

Safina alichagua kipande cha barafu kilichokuwa angavu kuliko vyote. Alikifunga kwa kitambaa, akampa mtoto anyonye. Pastory akatabasamu. Kesho yake akampa kingine.

Kisha Pastory akaanza kuharisha. Choo chake kilikuwa kama maji ya kuoshea mchele. Gharib alimpakia kwenye baiskeli, Safina na Agnesi wakakimbia nyuma mpaka kwenye mahema ya wagonjwa wa kipindupindu. Mganga alimtia maji ya mshipa.

"Mtoto alikunywa nini?" mganga aliuliza.

"Maji ya kuchemka tu," Agnesi alijibu. "Mimi mwenyewe nachemusha."

Hakutaja barafu. Kwake barafu haikuwa maji. Safina alisikia, akanyamaza.

Pastory alikufa kabla ya jioni. Wahudumu walimzika wao. Mama yake hakuruhusiwa kumwosha, kwa sababu ya maambukizi. Alisimama mbali, mikono kichwani.

Siku ya pili jua lilikuwa kali. Honorata alikuja mlangoni.

"Mama Shadya, na mimi unipe barafu."

Safina alifungua friji. Mkono wake ukasimama. Alifunga friji, akamwambia mtoto asubiri. Kisha alitia kipande cha barafu kwenye chupa ya chai ili kisiyeyuke, akaenda kwa jirani yake Leonia.

Leonia alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa samaki. Yeye na wenzake walikuwa wakichunguza barafu ya kuhifadhia samaki waitwao migebuka, wajue ni ipi inakaa muda mrefu bila kuyeyuka.

"Leonia, ndugu yangu, nipimie hii. Nataka kujua kama ndiyo iliyomwua mtoto."

Leonia alimtazama. Waliondoka pamoja mpaka kituoni.

Kwanza Leonia alishika kipande cha kioo chenye pembe tatu karibu na dirisha. Ukutani zikatokea rangi za upinde wa mvua.

"Mwanga wa jua una rangi nyingi ndani yake," alisema. "Pia kuna mwanga ambao macho hayauoni, uko ng'ambo ya nyekundu. Mashine hii mezani inauona."

Aliweka barafu ndani ya kisanduku na kuwasha taa yake. Mashine ikachora mstari kwenye karatasi. Mstari ulikwenda juu, ukashuka, ukapanda tena.

"Taa inamulika barafu. Barafu inameza sehemu ya mwanga, inaachia nyingine. Mashine inachambua mwanga uliobaki, tujue barafu ikoje ndani. Kazi hii inaitwa spektroskopia. Jina ni refu kuliko mimi, lisikusumbue. Tazama. Unaliona hili bonde?"

"Naliona."

"Hapa mwanga umemezwa na barafu. Na hiki kibonde cha pembeni?"

"Nakiona. Ni kidogo."

"Hicho ni cha maji. Maji hayamezi mwanga pale pale barafu inapomeza."

Safina aligonga barafu kwa kucha. Ilikuwa ngumu.

"Maji yako wapi? Mbona hii ni jiwe?"

"Barafu ni punje zilizoshikana, kama matofali ya ukuta. Kati ya punje na punje kuna nyufa nyembamba. Maji yanapoganda, chumvi yake husukumwa humo, na maji yenye chumvi hayagandi upesi. Friji yako inagandisha nusu nusu, maana umeme unakatika. Kijidudu kikiingia kwenye nyufa hizo, kinangoja. Vingine hufa. Vingine vinabaki hai mpaka barafu iyeyuke mdomoni."

"Lakini mimi moyo wake mweupe nautupa!"

"Ule weupe ni povu la hewa, dada. Hewa inatawanya mwanga, ndiyo maana hatuoni ng'ambo. Si kipindupindu. Kijidudu ni kidogo mno. Kipande angavu kinaweza kuwa nacho, nawe ukaona mpaka Kongo."

Safina alikaa chini.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Mashine hii haioni vijidudu, wala haijui alivipata wapi. Huenda alitoka navyo mtumbwini. Sitakudanganya, Safina. Sijui, na hutajua. Najua hili tu: maji ya ziwa yasiyochemshwa ni hatari, na baridi haiyachemshi."

Safina alirudi nyumbani. Alimwambia Agnesi yote. Hakupunguza neno.

Agnesi aliketi barazani mpaka kivuli cha nyumba kikahama.

"Ulimupa kwa upendo," alisema mwishoni. "Lakini leo usiniongeleshe."

Safina alimwaga barafu yote. Alisugua sufuria kwa sabuni na maji ya moto. Kuanzia siku hiyo alichemsha maji mpaka yatokote sana, akayafunika yakapoa, ndipo akayagandisha. Mikono aliiosha kwanza. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia akina mama. Wengine walimcheka.

"Safina sasa anapika barafu!"

Lakini walipomkumbuka Pastory, baadhi yao wakaanza kuchemsha. Katika uga wa Safina hakuugua mtu mwingine.

Siku lori lilipokuja, joto lilikuwa la kuchoma. Safina alitoka na barafu kwenye kikombe, nyeupe na angavu pamoja. Honorata alinyoosha mkono. Agnesi akauzuia.

"Maji yalichemuka?"

"Yalichemka."

Agnesi alitazama uso wa Safina, si barafu. Alichukua kipande kimoja, akakitia mdomoni mwake mwenyewe. Alikinyonya mpaka kikaisha. Ndipo akampa mtoto kikombe.

Lori liliondoka. Uani kuku walisimama karibu na meza, wakingoja moyo wa barafu. Hapakuwa na kitu cha kuwatupia.