Pete Mezani

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa sauti. Alitengeneza mashine ya kujibu simu za wateja, kwa sauti ya mkewe. Ndani yake wakaficha alama, ili mtu akiinakili kwa wizi waitambue: mpigaji akikaa kimya, ingesikika pete ya mke ikigonga meza mara tatu. Siri hiyo waliijua wao wawili tu. Mke alipofariki, Mungu amrehemu, tulimzika na pete yake. Mashine ikafungiwa kabatini, na ufunguo akapewa mdogo wake fundi.

Magharibi moja umeme ulikatika, fundi akaipigia simu ofisi ya umeme. Ikajibu mashine, kwa sauti ya binti asiyemjua. Akanyamaza, akipapasa gizani kutafuta namba ya mita.

Ngo. Ngo. Ngo.

Akaikata simu. Akampigia mdogo wake.

"Mashine ya shemeji yako umemuuzia nani?"

"Kaka, haki ya Mungu, sijaigusa! Mimi nikuuze wewe, damu yangu?"

Fundi akaikumbuka siku aliyomkabidhi ufunguo. Kimya kikatanda.

"Kaka," mdogo akanong'ona, "niko peke yangu humu ndani. Nani amegonga meza yangu mara tatu?"