Droo ya Tano

Ujia wa mafundi wa vifaa vya umeme ulikuwa umefurika, hata aliyesimama alisogezwa asikotaka. Ndivyo kijana mmoja mwenye shati jeupe, amekumbatia boksi la vipima joto kama kabeba mtoto mchanga, alivyojikuta amebanwa kwenye meza ya Fundi.

Fundi alikuwa mwanamke. Wengi walipoona ovaroli yake ya bluu na kilemba cha kijani walimuuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Huyu hakuuliza.

"Dada, nisaidie kabla sijasukumwa hadi meza ya pili."

"Ukisukumwa utarudi," akamwambia. "Una unyoya begani."

Kijana alikuwa na chumba cha kutotolea vifaranga juu ya paa la nyumba ya dada yake. Mashine yake ilikuwa na droo nane za mayai, naye alitaka kujua joto la kila droo bila kuzifungua ovyo. Fundi akamweleza kuwa hakuna haja ya vifaa vinane. Chipu moja ya kugeuza umeme wa vipima joto kuwa namba ingetosha. Swichi ndogo ingeiunganisha na kila droo kwa zamu, kama karani mmoja anayehudumia foleni nzima.

"Namba zitabadilika upesi?"

"Zitacheza," Fundi akajibu. Akakiunda kifaa palepale, zamu akaiharakisha kuliko alivyozoea, maana alitaka kumwona kijana akitabasamu. Alitabasamu kweli, na kazi ya mchana ule ikamshinda Fundi.

Haikupita muda kijana akapiga simu: droo ya pili haisomi. Fundi akapanda paani, akakuta waya umechomolewa kwa adabu na kulazwa pembeni. Akauchomeka. Wakanywa chai, wakaongea mpaka jua likawahama. Simu iliyofuata ilihusu kioo cha namba kisichowaka. Kumbe swichi ya ukutani ilikuwa imezimwa. Kufikia hapo Fundi alikuwa akimwita kijana Baba Vifaranga, naye kijana akimwita Fundi wangu, na muuza chaja wa meza ya jirani hakumpa Fundi nafasi ya kupumua.

"Shoga, hicho kifaa kinaumwa kila wiki, na kila wiki wewe unapaka wanja. Nani mgonjwa hapo?"

Kwa hiyo simu ya tatu ilipokuja, Fundi aliipokea akiwa ameshaanza kucheka.

"Fundi wangu, leo kuna jambo sielewi. Nikifungua droo ya nne, namba ya droo ya tano nayo inashuka. Na ya tano sijaigusa."

"Labda zinapendana."

"Sitanii, mpenzi."

"Wewe sema umenikumbuka, nitakuja."

Akaenda. Alivaa gauni la maua na viatu vya kutembelea, mkoba wa vifaa akauacha mezani. Kijana alijaribu kumwonyesha namba. Fundi akamshika mkono akamwambia aache visingizio, kwani yeye ameshakuja. Kijana akacheka kidogo, wakatoka kutembea. Siku zilizofuata alipiga tena kwa habari ileile, na kila mara Fundi aliona ni mahaba tu yamevaa nguo za kazi.

Halafu simu zikakoma.

Hilo lilimchanganya kuliko yote. Alipiga, haikupokelewa. Akajiuliza kama alimcheka kupita kiasi, kama kuna mwingine, kama gauni halikumpendeza. Mwishowe alipokea dada mtu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mayai ya kanga ya droo ya tano yameharibika yote. Kinachopasha droo hiyo kilikufa siku nyingi, na namba bado ilikuwa ikionyesha joto. Mayai hayo dada aliyakusanya mwenyewe, na alishamwambia mdogo wake kuwa kundi hili likishindikana, chumba kitapangishwa.

Fundi alipanda paani na mkoba wa vifaa. Kijana alikuwa akifuta droo tupu, hakugeuka.

"Nilikwambia."

"Nilidhani unanitaka mimi."

"Nilikuwa nakutaka. Na droo ilikuwa inapoa. Vyote viwili, Fundi. Ningekwambiaje ili unisikie?"

Fundi akafungua mkoba wa vifaa. Akaketi sakafuni, akapima. Haikumchukua muda kuona kosa lake. Zamu ilikwenda mbio mno: chipu ilihama kutoka droo ya nne kwenda ya tano na kusoma kabla umeme wa ya nne haujaondoka kwenye njia yake. Droo ya tano ilipopoa, kifaa kilikuwa bado kikihesabu joto la jirani. Alichopaswa kufanya ni kukiacha kitulie kila kinapohama, kiutupe usomaji wa kwanza, kichukue wa pili.

Alimweleza dada mtu yote mbele ya mdogo wake, bila kujitetea, kwamba kosa si la mwenye vifaranga. Dada alimtazama sana. Akasema wajaribu kundi moja jingine, akashuka ngazi. Kijana alisema asante kwa heshima, kama anayemwambia mgeni, na Fundi akarudi nyumbani asijue ameachwa au amesamehewa.

Aliendelea kutojua hadi mchana mmoja simu ilipolia, meza imezingirwa na wateja.

"Vimetotolewa," kijana akasema. "Droo zote."

"Na ya tano? Namba inasemaje?"

"Nzuri."

"Nije na mita?"

"Kifaa kizima, Fundi."

"Kioo kinawaka?"

"Kinawaka."

"Sasa umepigia nini?"

Akamsikia akipumua. "Nikuoe ndipo uamini sina shida na kifaa?"

Fundi akaweka chini kifaa cha kulehemu. Hakujua kama ni utani, kama ni hasira iliyobaki, au kama amesikia alichotaka kusikia. Mteja mmoja alikuwa akimwonyesha redio, akamwomba angoje. Muuza chaja alikuwa ameacha kupiga kelele.

"Rudia," akasema polepole.

"Nataka kukuoa."

Akangoja kidogo tena, simu imemkaa sikioni.

"Haya," akasema. "Sasa nimekusikia. Nakuja."