Jiko la Gesi la Kyuso

Yakub Jabiri, fundi wa majiko ya gesi mjini Mwingi, alinisimulia haya mwaka wa 1983, na hakurudia tena.

Bi Sauda, mkewe Mzee Abubakar, alimwita aje nyumbani kwao Kyuso. Mzee alikuwa na pumu na moshi wa kuni ungemuua, lakini jiko lao jipya la gesi lilikuwa likizimika kila likiwashwa. Lilikuwa limewekwa juu ya mafiga ya marehemu mama yake Mzee, ambayo hakuna aliyethubutu kuyang'oa.

Yakub alifika jioni, amechoshwa na barabara. Mtungi wa gesi ulikuwa umejaa. Alipaka mpira wa kupitisha gesi povu la sabuni, hakuona palipovuja. Alizibua tundu la gesi la jiko kwa sindano. Akafunga mlango na dirisha kuzuia upepo, jikoni kukawa giza, akawasha.

Fuu. Moto ukazimika.

"Mama, usipulize," Yakub alimwambia Bi Sauda, aliyesimama nyuma yake.

"Nipulize mimi? Chai nitaichemsha kwa mdomo?"

Yakub akawasha tena. Safari hii alisikia pumzi ikivutwa kwanza, chini, karibu na magoti yake.

Yakub alifungua mlango. Alifunga gesi, akachomoa mpira, wakautoa mtungi uani. Chumbani Mzee alikuwa akikohoa vibaya.

"Tumpeleke kwa dada yangu," alisema Bi Sauda. "Huko kuna makaa."

Walipogeuka kuingia, kikohozi kilinyamaza. Walimkuta Mzee jikoni, ameketi kwenye kigoda, akipasha mikono juu ya moto wa buluu uliosimama wima.

Mpira ulikuwa bado mkononi mwa Yakub.