Kipande cha Filamu Mfukoni

Kila siku akitoka shule, Bi Haraka alipitia chumba cha kazi cha shangazi yake. Jina hilo alipewa na shangazi mwenyewe, kwa sababu mtoto huyu alikuwa na miaka kumi na miwili na bado alifunga kamba za viatu huku anakimbia. Alinawa mikono, akaikausha, akavaa glavu nyeupe za pamba, kisha akaketi kwenye meza yenye magurudumu mawili ya kuzungushia filamu.

Shangazi alikuwa fundi wa filamu kuukuu. Wapenzi wa garimoshi walimletea makopo yaliyoshika kutu, yenye picha za injini za mvuke ambazo hazipo tena relini. Yeye alizisafisha, akaunga palipokatika, akazinakili kwenye kompyuta kabla hazijaoza. Wateja hao walikuwa watu wa kubishana juu ya bomba moja la moshi mpaka mate yanawakauka. Kazi ya Bi Haraka ilikuwa kupitisha filamu kwenye kitambaa laini, polepole, kwa mkono.

"Filamu ya zamani ni kama jani kavu," shangazi alimwambia mara nyingi. "Ukiivuta, inakatika. Ikikatika, niite. Usiguse kitu."

Jumatano ile kulikuwa na kopo moja tu. Lililetwa na mjane wa mfanyakazi wa reli, mtu aliyekaa kibandani kando ya njia akiongoza mkono wa ishara juu ya nguzo. Mkono ukiwa umelala sawasawa, treni isimame. Ukiwa umeshuka, ipite. Marehemu alipenda garimoshi na alikuwa na kamera yake ndogo. Filamu hii aliipiga siku ya ajali.

Ajali hiyo ilitokea miaka arobaini nyuma. Treni mbili ziligongana nje kidogo ya stesheni, na mtia makaa wa injini moja akafa kwa kuungua. Wachunguzi walisema dereva wake alipita ishara ya kusimama. Dereva akafukuzwa kazi, lakini hakukubali hata siku moja. Alisema mkono ulikuwa umeshuka, na kwamba mtu wa kibandani alidanganya. Aliposikia filamu imepatikana, aliomba kuiona kwa macho yake, na angekuja Alhamisi.

Shangazi alikuwa ametoka kidogo. Nje wenzake Bi Haraka walikuwa wakipiga kelele: "Wewe, tunaanza bila wewe!"

Akazungusha gurudumu kwa nguvu. Filamu ikakatika, na kipande chenye urefu wa kidole kikakunjamana, matundu ya pembeni yamechanika. Akatazama mlangoni. Akakikata kipande kile kwa mkasi, akagandisha ncha mbili za filamu kwa gundi kama alivyozoea kumwona shangazi akifanya, akakitia mfukoni mwa sketi. Ni kidole tu, alijisemea, nani ataona? Mchezoni alidaka mpira vibaya mara mbili, akazomewa.

Kesho yake dereva alifika na mkongojo, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo, babu," alisema Bi Haraka.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nisogezee kiti. Siku hizi macho yamechoka kuliko miguu."

Shangazi aliwasha mashine, na ukutani injini nyeusi ikatokea kwenye kona, moshi ukiifuata. Kamera iliigeukia kadiri ilivyosogea. Kijana mmoja alionekana dirishani, kiwiko nje, anacheka.

"Ndiye huyo," mzee alisema kwa sauti ndogo. "Mtia makaa wangu."

Nguzo ya ishara ilipokaribia kuingia kwenye picha, injini ikaruka ghafla. Nguzo ilikuwa tayari imepitwa.

"Rudisha!"

Ikaruka tena.

"Wameikata!" Mzee aligonga mkongojo sakafuni. "Yule mama ameikata kumlinda mumewe! Kama mkono haukuwa umeshuka, angekata kwa nini? Nipe namba yake. Leo atanitambua!" Tayari alikuwa ameshatoa simu.

Shangazi aliinama juu ya kiungo na kioo cha kukuzia. "Gundi hii ni yangu," alisema, akainua kichwa.

Bi Haraka alisogea mezani. "Ni mimi, shangazi. Jana niliivuta, ikakatika. Huyo mama hana kosa." Akakitoa kipande mfukoni.

Shangazi hakufoka. Alikinyoosha kipande kwenye kioo chenye taa chini yake, akakitazama kwa muda mrefu, kisha akasogea kando. "Mzee wangu, tazama mwenyewe."

Mzee akainama. Katika kila kijipicha injini ilikuwa haijafika kwenye nguzo, na mkono wa ishara ulikuwa umelala sawasawa.

"Labda ni kivuli."

"Si kivuli, mzee."

Akaketi. "Yule mtia makaa wangu alikuwa ananipa kichekesho," alisema. "Nikageuka kumtazama. Miaka yote hii nimemtukana mume wa watu."

"Kwa nini marehemu hakuionyesha?" Bi Haraka aliuliza.

"Kupiga filamu akiwa kazini kulikatazwa," shangazi alijibu. "Mkewe ameniambia. Aliogopa kufukuzwa, akaificha."

Mzee alirudisha simu mfukoni. "Kirudishe kipande mahali pake. Wapenzi wa garimoshi waione yote, usiwapunguzie kitu. Huyo mama simpigii. Nitakwenda mwenyewe." Akatoka bila kuaga.

Shangazi alisogeza taa, wakaanza kuziba matundu yaliyochanika, moja baada ya jingine.

"Ungeniita jana," alisema, "ningekufokea, ningeiunga, nawe ungekwenda kucheza. Ulipoficha, mjane nusura atukanwe kwa kosa lako. Marehemu naye angeitoa filamu yake mapema, angeadhibiwa yeye, lakini mzee huyu asingezeeka akiamini uongo. Ukificha kosa halipungui, mwanangu. Unamtwisha mtu mwingine tu."

"Nimekuelewa, shangazi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Shika kingo, usiguse katikati."

Nje wenzake walikuwa wakimwita. Bi Haraka hakuinua kichwa. Alizungusha gurudumu polepole, kwa mkono, mpaka yule mtia makaa kwenye filamu akapita, dirishani mwa injini, akicheka, na nguzo ikaingia mahali pake.