Nyasi za Mpiga Picha na Bomba la Zahanati

Mpiga Picha alipenda nyasi zake kuliko viatu vyake. Viatu alivipiga rangi siku za sherehe. Nyasi alizihudumia kila siku.

Zilikuwa mbele ya nyumba yake, chini kabisa ya mtaa wenye mlima. Hazikuwa nyingi, ila ndizo zilizomlisha. Maharusi na wahitimu walikuja kukaa juu yake wapigwe picha. “Kijani hiki,” aliwaambia, “hata kamera inatamani kukila.”

Mkewe alikuwa mkunga katika zahanati iliyoko juu kabisa ya mtaa huo huo. Asubuhi alipanda mlima, jioni alishuka. Bomba la maji nalo lilianzia chini, likapita nyumba zote, likaishia zahanati.

Zamani maji yalifika huko bila shida. Kisha mji ukakua. Penye nyumba moja zikajengwa nyingi. Mvua ikabaki ile ile, na tangi lile lile. Ndipo gari la matangazo la idara ya maji likapita mtaani likitangaza agizo: nyasi zimwagiliwe Jumatatu na Alhamisi tu, tena alfajiri, kabla jua halijatoka. Mchana ni marufuku.

Mpiga Picha alisikia vizuri sana. Masikio yake hayakuwa na kasoro.

“Hilo agizo ni la wenye viwanja vya mpira,” alimwambia mkewe wakiwa wanakula. “Nyasi zetu sisi ni kama mikeka miwili tu.”

“Sikusikia wakitaja mikeka,” mkewe akasema.

“Basi nitafuata.”

“Kweli?”

“Mama watoto, mimi nimewahi kukudanganya?”

Mkewe akamtazama kidogo, kisha akaamua kumaliza chakula chake.

Alifuata kwa siku chache. Lakini jua lilikuwa kali, na ncha za nyasi zikaanza kuwa njano. Kila akizitazama, aliwaza riziki yake. Nani atakuja kupiga picha ya harusi juu ya majani makavu?

Basi akawa anangoja mkewe aondoke kwenda kazini. Anaunganisha mpira wa maji na kile kidude kinachozunguka na kurusha maji huku na huku. Ili wapita njia wasione, alitundika kwenye uzio pazia la zamani la studio, lililochorwa maporomoko ya maji. Kwa hiyo upande wa barabara kulikuwa na maporomoko ya rangi, na nyuma yake maporomoko ya kweli. Maji yalipenya chini ya uzio yakateremka barabarani taratibu, yakimsema.

Jirani yake, fundi bomba, alipita na mfuko wake wa vifaa. Mtaa wote ulimwita Mama Spana.

“Shemeji,” akasema, “hiyo picha yako inavuja.”

“Ah, nilikuwa naosha uwanja tu.”

“Kila siku? Mimi hata sufuria zangu haziogi hivyo.”

Mpiga Picha akacheka kwa sauti, kama mtu aliyelipwa acheke. Kisha akaingia ndani.

Jioni mkewe alirudi amechoka. “Leo tena maji yalikatika mchana,” akasema. “Nimewahudumia watu huku nikipimiwa maji kwa kikombe kama dawa. Wanasema kuna watu huku chini wanamwagilia.”

“Watu wengine hawana haya,” Mpiga Picha akasema. Akasikia maneno yanavyomtoka mdomoni, lakini yalikuwa yameshatoka.

Jumamosi kulikuwa na kazi ya harusi. Bibi harusi alifika mchana pamoja na shangazi yake. Mpiga Picha akawaketisha barazani wangoje kidogo. Alitaka matone yabaki kwenye nyasi, yang'ae pichani. Kidude kilikuwa kinazunguka.

Mara geti likafunguliwa. Mkewe akaingia akiwa na nguo za kazi, ndoo mkono huu na mkono huu. Nyuma yake alikuwa Mama Spana na mkokoteni wenye madumu matupu.

“Baba watoto, tusaidie maji haraka. Bomba la zahanati limekauka, na kuna mama amejifungua sasa hi...”

Hakumaliza. Kidude kilizunguka kikamfikia, kikamlowesha viatu.

Alitazama viatu. Akatazama nyasi. Halafu akamtazama mumewe, na Mpiga Picha akatamani ardhi ipasuke immeze. Tena ilikuwa laini, ingemmeza bila kazi.

Mkewe hakupaza sauti. Alikwenda bombani, akachomoa mpira wa maji, akaweka ndoo. Maji yakaja kwa nguvu na kuijaza mara moja.

“Kwani zahanati hakuna maji?” shangazi wa bibi harusi akauliza.

“Hakuna.”

“Na haya je?”

Shangazi akashika pindo la gauni la bibi harusi na kuliinua, kama mtu anayekwepa uchafu. Kisha akamwambia Mpiga Picha, “Nenda, mwanangu. Sisi tutakungoja.”

Madumu yalipojaa, Mpiga Picha akashika mkokoteni. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la kazi. Mkewe na Mama Spana walisukuma nyuma. Mlima mzima mkewe hakusema neno. Mpiga Picha angependa atukanwe. Matusi angeyajibu, kimya angekijibu nini?

Zahanati ilikuwa imejaa. Beseni lilikuwa kavu. Kwenye benchi aliketi bibi mmoja, mama mkwe wa yule aliyejifungua, amempakata mtoto aliyefungwa kanga. Alipoona maji yanaingia, aliinuka.

“Mungu akubariki, baba,” akamwambia Mpiga Picha. “Umeacha kazi zako, umekuja kutuokoa. Vijana wa siku hizi nani anafanya hivyo? Niambie unakaa wapi, nije kukushukuru vizuri.”

Watu waliokuwa kwenye benchi wakaitikia. Mmoja hata akampigia makofi.

Shukrani ile ilimchoma kuliko kitu chochote siku hiyo. Akamtazama mkewe amsaidie. Mkewe alikuwa anamimina maji kwenye beseni, akimsikiliza huku amempa mgongo.

“Usinishukuru, bibi,” akasema. “Haya maji yalikuwa yaje hapa yenyewe. Mimi ndiye niliyeyazuia. Nilikuwa namwagilia nyasi.”

Makofi yakakoma. Bibi akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani.

“Nyasi,” akasema. “Unafuga ng'ombe?”

“Hapana, bibi.”

“Mbuzi?”

“Hapana. Ni za kupigia picha.”

Bibi akakaa tena. Alimfunika mjukuu wake vizuri, akafikiri. “Haya. Mama na mtoto wazima, namshukuru Mungu. Sasa nenda kalete mkokoteni mwingine. Na huo uuvute peke yako.”

Aliuvuta peke yake.

Aliporudi nyumbani alimpiga picha bibi harusi kwenye ukuta mtupu wa nyumba. Nyasi hakuzigusa. Picha zilitoka nzuri kabisa, kwa sababu bibi harusi alikuwa mzuri, na kumbe waliozitazama walimtazama yeye, si nyasi.

Jioni walikaa kula.

“Niseme nini, mama watoto?”

“Usiseme kitu. Ulishasema kuwa watu wengine hawana haya.”

Kesho yake Mpiga Picha alikwenda mwenyewe kwa Mama Spana. Alisimama mlangoni kama mtoto aliyevunja chungu.

“Shemeji, njoo unifundishe. Sitaki nyasi zife, na sitaki kuiba tena.”

Mama Spana alikuja na bisibisi ndefu. Aliichoma kwenye nyasi. Iliingia kidogo, ikagoma.

“Unaona? Juu matope, chini jiwe. Wewe unazipa maji kidogo kidogo kila siku. Mizizi imekuwa mivivu. Inakaa juu juu inangoja kuletewa, kama mgeni. Jua likitoka kidogo tu, inalia.”

“Nifanyeje?”

“Mwagilia mara chache, lakini maji yashuke chini. Mizizi itayafuata huko. Siku ya zamu yako weka kopo tupu kwenye nyasi. Maji yakifika kina cha kidole gumba ndani ya kopo, funga. Bisibisi ikizama bila kugoma, ujue zimeshiba.”

“Na kwa nini alfajiri? Maji si maji?”

“Mchana unamwagilia jua, shemeji, siyo nyasi. Mengi yanapaa, mengine yanachukuliwa na upepo. Tena mchana ndipo kila mtu anapika na kufua. Mkifungua wote huku chini, bomba halina nguvu ya kupandisha maji mlimani. Alfajiri tangi limejaa na watu wamelala.”

“Lakini mimi ni mtu mmoja.”

“Kila mtu mtaa huu ni mtu mmoja. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba humaliza tangi.”

Alimfundisha pia kutokata nyasi fupi sana, kwa kuwa zikiwa ndefu kidogo zinaufunika udongo usikauke upesi. Maji ya kuoshea mboga na matunda yasimwagwe, yapewe maua. Na bomba linalodondosha libadilishwe kimpira cha ndani siku hiyo hiyo, maana tone halipumziki.

Mpiga Picha alifanya yote hayo. Nusu ya nyasi aliing'oa, akapanga mawe na vichaka visivyohitaji maji mengi. Kisha akafanya jambo gumu zaidi. Alipita kwa kila jirani mwenye nyasi, akaeleza alichofanya na alichokiona zahanati. Wengine walimcheka. Mmoja alimwita Mzee Maporomoko, na jina likamganda. Lakini wengi waliinamisha macho, na nyumba moja baada ya nyingine zikaacha kumwagilia mchana.

Mwanzoni nyasi zake zilinyong'onyea. Hakuzikimbilia na maji. Baadaye zikaanza kuchipua, ngumu na nene, na bisibisi ikawa inazama hadi kwenye mpini.

Siku moja, jua likiwa utosini, alimpelekea mkewe chakula zahanati. Mkewe akamwita kwenye beseni.

“Fungua,” akasema.

Mpiga Picha alisita. Alishika bomba kwa ncha za vidole, akafungua. Maji yakatoka kwa nguvu, meupe, yakagonga beseni kwa kishindo. Mchana kweupe. Alipoyaona tu, akafunga haraka, akalikaza.

Mkewe akaangua kicheko. Hakuwa amecheka naye tangu Jumamosi ile ya mkokoteni.

“Sasa mbona umefunga, baba watoto? Nilitaka unawe, tule.”