Daftari Lililofungia Karanga

Siwema aligundua kwamba daftari lake limeibwa saa kumi na dakika kumi alasiri, siku ya Jumapili. Alimwaga mkoba wote juu ya meza ya stoo: chanuo, chaja, pipi za mnanaa, nusu ya chapati. Daftari halikuwemo. Akapiga yowe lililoshuka ngazi zote mpaka kwa Bi Maimuna, aliyekuwa ndio kwanza ametoka kuswali.

Bi Maimuna ana miaka sabini na moja, cheti cha darasa la saba na beseni la karanga. Huuza karanga chini ya ngazi za ukumbi mmoja pale Kariakoo, juu ya duka la mazulia, ambako kila Jumapili mtu yeyote anayejiona ana kichekesho hupewa maiki kwa dakika saba. Onyesho likianza, bibi hupanda, hukaa kiti cha mbele, na asipochekeshwa huguna. Wachekeshaji wanauogopa mguno huo kuliko difenda ya polisi.

Siku hiyo hakusubiri onyesho. Alijitwisha beseni akapanda, magoti yakilalamika kila ngazi.

"Shikamoo bibi," alisema Siwema huku analia.

"Marahaba. Lia baadaye. Mara ya mwisho umeliona saa ngapi?"

"Saa kumi kasorobo. Nilisoma, nikalirudisha mkobani, nikaenda kupanga viti."

"Lilikuwa na nini?"

"Dakika saba zangu za leo, bibi. Mwaka mzima nimeziandika!"

Hapo lazima nieleze. Mbele kabisa alikuwa ameketi Mama Celina, mgeni kutoka Arusha, anayetafuta mchekeshaji mmoja wa kuzunguka naye mikoa sita. Siwema, muuza blauzi za mitumba soko la Mchikichini, alikuwa ameokota namba ya zamu kwenye kofia akapata saba. Na ukumbini kuna sheria isiyoandikwa: kichekesho ni cha aliyekisema kwanza. Mwizi akipanda kabla yake, Siwema akija nyuma na maneno yaleyale, ukumbi mzima utamwita yeye mwizi, mbele ya mgeni.

Stoo ina mlango mmoja, na ufunguo anao Abbasi, emsii na mwenye ukumbi. Bi Maimuna alianza naye.

"Kati ya saa kumi kasorobo na saa kumi na dakika kumi, umemfungulia nani?"

"Bibi, umekuwa ofisa upelelezi?"

"Nimekuwa bibi yako. Jibu."

"Tarsis, saa kumi kasoro dakika tano. Theopista saa kumi kamili, alifuata chupa ya maji. Mimi mwenyewe dakika tatu baadaye, kuchukua waya wa spika. Basi."

"Na wewe unasema kabla ya wote."

"Mimi nasema 'karibuni'! Hilo nalo niibe?" Abbasi alijifuta jasho. Bibi alitazama viganja vyake: vyeusi kwa vumbi la waya. Akamwacha.

Tarsis alikuwa dirishani, suti ya bluu, kiatu kinang'aa. Anauza masanduku ya safari Mtaa wa Msimbazi na ana mdomo wa kuuza na treni. Namba yake tatu.

"Ulifanya nini stoo dakika tano nzima?"

"Mambo yangu."

"Yapi?"

"Bibi, wewe kaanga karanga, mimi nichekeshe watu. Kila mtu na kazi yake."

"Wewe wiki iliyopita si ulisema jukwaani vichekesho vyangu ni vya mtumba?" Siwema alidakia. "Ndiye huyu, bibi! Mpekueni!"

Watu wawili walisogea. Tarsis aliziba mfuko wa koti kwa mkono, uso umemwiva. Bi Maimuna aliinama, akamtazama suruali. Kiatu kilikuwa kisafi, lakini magoti yote mawili yalikuwa na vumbi jeupe la sakafu.

"Mwacheni," alisema. Akamsogelea sikioni. "Mfukoni ni rozari, siyo?"

Tarsis alimvuta pembeni. "Bibi, usimwambie mtu. Kila Jumapili kabla sijapanda miguu inanitetemeka. Wakijua nasali, nani ataniogopa?"

"Hata sasa hakuna anayekuogopa, baba."

Akabaki Theopista. Yeye na Siwema wana meza za jirani Mchikichini, wanafungua robota moja la mitumba, wanakula sahani moja. Alikuwa amemkumbatia shoga yake, anamfuta machozi kwa ncha ya kilemba chake cha kijani. Namba yake ilikuwa nne.

"Theo, mwanangu, kama kawaida ya kila Jumapili, nilikuachia beseni nikaenda kuswali. Saa kumi ulipopanda, lilibaki na nani?"

"Dakika mbili tu, bibi. Koo lilinikauka."

"Ulipita mtu pale chini?"

"Wengi. Si Kariakoo hii? Tarsis mwenyewe alishuka kununua karanga nikamwambia mwenye karanga hayupo."

Maelezo yalikaa sawa. Bi Maimuna aliitikia kwa kichwa, akarudi chini, maana karatasi za kufungia zilikuwa zimemwishia.

Chini ya ngazi ana boksi. Mtaa mzima unalijua. Wazazi wanatupia humo madaftari ya watoto yaliyojaa, wenye maduka vitabu vya risiti vya zamani, naye huchana, huviringa, hufungia karanga. Jioni karatasi zimetawanyika toka Msimbazi mpaka Jangwani, na hakuna anayejua zilikuwa na nini. Hivyo ndivyo watu wanavyodhani. Bi Maimuna husoma kila karatasi kabla ya kuiviringa. Amesoma insha, barua za mapenzi, mara moja hati ya talaka, na hajawahi kumwambia mtu.

Saa kumi na dakika ishirini na tano aliingiza mkono ndani ya boksi akatoa daftari la jalada jekundu, lenye jina la Siwema. Kurasa za katikati zilikuwa zimenyofolewa. Zilizobaki zilikuwa na mwandiko uliolala kushoto kama mtu anayepigwa na upepo. Aliusoma ukurasa wa nyuma kabisa mara mbili. Akauchana taratibu, akaukunja, akaufunga kwenye pindo la kanga. Kisha akaviringa karatasi tatu za daftari hilohilo, akazijaza karanga, akapanda.

"Za bure," aliwaambia watuhumiwa wake watatu. "Za kupoza roho."

Abbasi alimimina zote mdomoni kwa mkupuo, akafutia maiki ile karatasi. Tarsis alikula moja moja, akaifinyanga karatasi, akaitupa dirishani ikamwangukia mpiga debe. Theopista alimimina karanga kiganjani, akaikunjua karatasi, akaitazama. Akaikunja mara nne, akaichomeka ndani ya kilemba.

"Asante, bibi," alisema.

Onyesho lilianza. Tarsis alipanda namba tatu, akachekesha kweli. Hata bibi alicheka puani. Saa kumi na moja na dakika nane Abbasi akaita: "Namba nne, Theopista!"

Theopista alishika maiki. Kabla hajafungua mdomo, Bi Maimuna alisimama kiti cha mbele.

"Mwanangu, kabla hujaanza, nirudishie karatasi yangu ya karanga."

Ukumbi ukaangua kicheko. Walidhani ni sehemu ya onyesho.

"Bibi, nimeitupa," alisema Theopista, naye akicheka.

"Imo kwenye kilemba. Kila ukitikisa kichwa inafanya kwacha kwacha."

Kicheko kikapanda zaidi. Mama Celina alikuwa anajifuta macho. Theopista peke yake alikuwa ameacha kucheka.

"Nimewapa watu watatu karanga," Bi Maimuna aliendelea, bila kupaza sauti, na watu wakaanza kunyamaza ili wamsikie. "Zote nimefungia kwenye daftari la Siwema. Tarsis katupa, Abbasi kafutia maiki, maana mwandiko ule hawaujui. Wewe unaujua. Unaandika naye bei meza kwa meza miaka mitano. Saa nzima umemsaidia kulia na kulitafuta. Umeishika karatasi yake mkononi. Kwa nini hukupiga kelele, 'Siwema, hili hapa'?"

Watu wote wakamgeukia Theopista.

"Bibi amezeeka," alisema Theopista.

"Nimezeeka, ndiyo. Nikienda kuswali, beseni unaangalia wewe, na boksi liko chini ya beseni. Ulipanda saa kumi kuchukua maji. Chupa yenyewe iko wapi? Umeshuka na daftari, ukachana kurasa unazozitaka, ukatupa zilizobaki kwangu nikuviringie. Ulijua mpaka jioni litakuwa takataka za mtaa. Kosa lako moja: hukujua kwamba mimi nasoma."

Siwema alikuwa amesimama. "Theo. Sema si kweli."

Theopista alivua kilemba. Ikaanguka ile karatasi ya karanga, zikafuata kurasa nne zilizokunjwa.

"Kichekesho cha mama mkwe ni changu!" alisema kwenye maiki, ukumbi mzima ukasikia. "Nguo yake iliibwa kambani, akaja kuinunua mwenyewe Mchikichini na akaomba apunguziwe. Ni mama mkwe wangu! Yalinikuta mimi! Nilikusimulia tunafungua robota, nikakuona unaandika. Kila ninachokuambia unaandika. Wewe unapanda unashangiliwa, mimi nabaki kukushikia mkoba. Leo ungekwenda mikoa sita na maisha yangu!"

"Nipige simu kituo cha polisi?" Abbasi alimwuliza Siwema.

Siwema alitikisa kichwa. "Aende tu." Hakuokota zile kurasa.

Theopista alitoka katikati ya viti, kilemba mkononi.

Ilipofika namba saba, Siwema alipanda mikono mitupu. Alishika maiki. Kisha akasema, "Shoga yangu kaniibia. Angalau aliiba kitu kizuri. Mume wangu angeiba angechukua chapati." Ukumbi ulilipuka, na baada ya hapo maneno yalikuja yenyewe. Bi Maimuna alicheka mpaka beseni likamwagika. Alikuwa akihesabu vichekesho. Cha mama mkwe hakikusemwa.

Kabla Siwema hajamaliza, Mama Celina alishaandika jina lake.

Saa kumi na mbili kasorobo, bibi alimkuta Theopista chini ya ngazi, hajapata nguvu ya kuondoka. Alifungua pindo la kanga, akaviringa karatasi moja, akatia karanga, akampa.

"Sitaki, bibi."

"Kula. Safari hii usome."

Theopista aliikunjua. Ulikuwa ule ukurasa wa nyuma kabisa, aliokuwa ameutupa bila kuutazama. Mwandiko umelala kushoto, orodha ya vichekesho vya Jumapili, na cha mwisho kimekatwa mstari:

*Mama mkwe na gauni. Hiki ni cha Theo. Mimi sikisemi. Nimbembeleze akiseme mwenyewe siku Mama Celina akija.*

Karanga zilimwagika zote chini. Bi Maimuna aliinama, akaanza kuziokota moja moja, ili asimtazame.